Huenda

Daktari Halszka alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akasema: usonji, huo tunaujua tangu ana miaka minne.
Hili la pili, la moyo wenye ncha mbili, bipola,
huenda.

Nikarudi nyumbani na neno hilo mkobani,
pamoja na mkate na vidonge vya siku kumi na nne.
Huenda. Neno lenye miguu.
Huenda, hurudi, huenda tena,
halifiki.

Mwanangu Tymon ana miaka kumi na sita.
Kila fulana ya nyumba hii nimeikata lebo ya shingoni,
hata za baba yake, hata zangu; mkasi umezoea.
Viazi visiguse maharage.
Tramu huzijua kwa mlio, kabla hazijakata kona
ya kile kiwanda cha nguo kilichofungwa, hapa Łódź:
“Kumi na mbili. Imechelewa dakika mbili.”
Wengine huamkiwa shikamoo.
Mimi huamkiwa namba.

Hayo ni yeye. Nilijifunza kumsoma
kama mtu anayejifunza kusoma ukubwani,
kwa kidole, silabi kwa silabi.
Halafu Machi ile kurasa zikaanza kujifungua zenyewe.

Usiku wa kwanza alichora reli kwa chaki, kutoka mlangoni petu.
Usiku wa tatu zilikuwa zimeshuka hadi ghorofa ya pili.
Usiku wa tano alicheka,
na kicheko kile kilimvaa kama koti la mtu mrefu zaidi.
Mji mzima, alisema, utapita jikoni kwetu.
Akawanunulia majirani tiketi kwa kadi yangu ya benki,
tiketi mia tatu na arobaini.

Bi Pelagia wa chini alipangusa reli kizingitini pake,
akasema, kwa ile sauti ya watu wasio na ubaya:
mwana umleavyo…
Hakumalizia. Methali hazihitaji kumaliziwa,
ndiyo ubaya wao.
Umleavyo! Basi niambie, Bi Pelagia,
jua linalowaka saa tisa za usiku kichwani mwa mtoto
hulelewaje? Kwa uji? Kwa mkanda?

Novemba akaingia chini ya meza, uso ukutani.
Bomba la joto likigonga, gong, gong, nje theluji ya mapema.
Kumi na mbili ikapita. Ikapita tena.
Hakusema.
Nikaitaja mimi, kwa sauti ndogo, nikakosea makusudi: “Nane.”
Hakunisahihisha.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nina daftari. Saa alizolala, vijiko alivyokula,
maneno, kama yapo.
Wiesław haliamini daftari; yeye huosha vyombo
vilivyokwisha kuoshwa.
Daktari hulisoma, hutikisa kichwa: vizuri, mama, endelea.

Lakini kuna jambo sikuliandika.
Usiku ule wa tano, kabla ya hofu,
alinishika mkono. Tymon, asiyeshikwa,
Tymon niliyekuwa nikimkumbatia kwa kumkunjia blanketi na kuondoka.
Tukashuka ngazi saa nane usiku, tukifuata chaki,
yeye dereva, mimi abiria,
kiganja chake cha moto ndani ya changu,
nami nikafurahi.
Ugonjwa ulininyoshea mkono wa mwanangu
na sikuuliza ni wa nani, niliupokea.
Kidonge cha asubuhi, ninapokipasua nusu kwa kisu cha siagi,
ndicho ninachokipasua.

Leo amelala saa sita. Nimeandika: sita.
Ni dawa? Ni jua la Februari lililotoka kidogo? Ni yeye?
Lile neno limekaa nasi mezani, limevua viatu.

Amekaa kwenye kiti, si chini yake.
Kule konani chuma kinaanza kulia juu ya chuma.
Wiesław amefunga bomba la maji.
Midomo ya Tymon inatafuta kitu.

Ninaijua namba.
Simsaidii.