Jokofu la Sita

Saa tisa usiku, Iași.
Theluji imeziba dirisha la benki ya damu,
na Smaranda, koti juu ya nguo za kulalia,
anasoma jibu lilelile jekundu:
nafasi zimejaa.

Nafasi mia. Anahesabu.
Watatu wanafanya kazi.
Tisini na saba wamekaa tu,
hawaulizi, hawaagizi, hawaagi,
kila mmoja kashika kiti
kama mtu aliyeingia kuota moto
akasahau alikokuwa akienda.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa ya tatu imewakuta,
na ndani ya seva hakuna shamba.

Wodi ya wazazi inasubiri mifuko miwili ya O hasi.
Muuguzi anaandika kwa kalamu,
kwa mkono uliozoea vitufe.
Smaranda anawatoa kumi, wodi ipumue.
Printa inakohoa, inatema lebo.

Angeweza kuwafagia wote.
Alifagia Jumanne, akafagia Alhamisi,
wakarudi mmoja mmoja
kama unyevu ukutani.
Leo anawauliza: mmetoka wapi?

Anwani moja. Wote.
Kompyuta ya ghorofa ya chini,
ile inayosoma baridi ya majokofu kila dakika tano.
Kazi ya Ilarion, aliyestaafu theluji ilipoyeyuka.

Anausoma msimbo wake. Umenyooka kama mshono wa fundi:
fungua, soma, andika, funga.
Ila jokofu la sita lina kipimajoto kigonjwa,
mara kinajibu, mara kimya,
na kikinyamaza, programu hugeuka palepale
ikaenda zake,
neno la mwisho likabaki halijafikiwa.

Anampigia. Simu inapokelewa kabla ya mlio wa pili.
"Jokofu la sita," anasema mzee, salamu hamna.
"Nilijua kuna kitu nimekiacha wazi."

Mistari minne.
"Funga" inahamia pasipo na njia ya kuikwepa.
Anaizima programu, anaiwasha upya.
Themanini na saba.
Arubaini.
Kumi na mmoja.
Wanne.

Simu bado iko mezani, uso juu,
sekunde zinajihesabu.
Kwa Ilarion birika limeanza kuunguruma,
kijiko kinagonga kikombe.
Hakuna anayesema neno.
Smaranda anakitazama kitufe chekundu,
anavaa soksi yake ya pili,
anakiacha.