Kura Mbili za Nyumba Moja

(Paamiut, Grinlandi, Februari 1982)

Mwezi mzima nyumba yetu ilikuwa nchi mbili.
Kiti cha dirishani kilisema Tutoke,
jiko likasema Tubaki,
na mimi katikati nikipitisha chumvi
kama afisa wa forodha.

Baba, Boas, alikuwa na darubini moja na hoja moja.
"Zihesabu taa zile."
Nikahesabu gizani: kumi na moja, kumi na mbili.
"Ni mji," nikasema.
"Ni meli za Wajerumani.
Mji mzima umekuja kulala baharini kwetu,
na kesho utaamka na samaki wetu tumboni.
Ruhusa kaitoa nani? Mtu wa Brusel,
ambaye chewa amemjulia sahanini,
hana kichwa."

Mama, Eleonora, alikata minofu kiwandani,
miaka kumi na minne ya kusimama.
Hoja zake alizitoa kisu kikiwa mkononi.
"Zahanati ile, fedha za nani?
Jenereta, fedha za nani?
Chuo alichojifunzia Hendrik kuchomelea vyuma?
Jifya moja haliinjiki chungu, Boas."

"Na mafiga yakiwa kumi," baba akajibu,
"chungu chenyewe utakiweka wapi?"

Mama akacheka,
kisha akakasirika kwamba amecheka.

"Hatukuingia kwa miguu yetu," baba akaendelea.
"Denmaki ilipoingia, sisi tulikuwa mtoto wa mgongoni.
Nani humuuliza mtoto wa mgongoni njia?"
"Haya, mtoto ashuke," mama akasema.
"Viatu anavyo?"

Usiku huo nilitazama viatu vyetu mlangoni,
jozi tatu, theluji ikiyeyuka chini yake.
Vyote vilitoka nje. Hata kamba zake.

Jumatatu baba akaja na hesabu:
"Kura yangu inaiua yako, yako inaiua yangu.
Nje kuna baridi ya kupasua kucha.
Kesho tukae nyumbani sote, tunywe kahawa."
Mama akakubali, upesi mno.
Wakapeana mikono juu ya meza
kama serikali mbili.

Kesho yake, saa nne, baba akakumbuka
kwamba Gerth ana wavu unaotaka kushonwa.
Wavu wa Gerth ulikuwa mpya.
Saa nne na nusu mama akaishiwa sukari.
Alipotoka nikafungua kopo:
limejaa hadi shingoni.
Nikalifunika, nikalirudisha mahali pake.
Nilikuwa na miaka kumi na saba;
kura sikuwa nayo, ila matokeo yote yangekuwa yangu.

Walikutana, naambiwa, kwenye foleni ya ukumbi wa shule,
watu watatu kati yao, na mbwa wa mtu.
Hakuna aliyetamka neno.
Baba alivua kofia
akampisha mama atangulie.

Tukatoka. Wengi waliwashinda wengi.
Watu wa upande wa baba waliimba hadi usiku wa manane,
naye hakwenda; alikaa jikoni
akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

Kutoka kwenyewe kulichukua miaka mitatu ya karatasi.
Chewa hawakungoja karatasi.
Maji yalibadilika, nao wakajiondoa kidogo kidogo,
bila kura, bila kuaga,
na mama akahamishiwa meza ya kamba,
vidole vyake vikaanza kujifunza upya.

Jana usiku baba alikuwa tena dirishani.
Darubini imefungwa kwa uzi pale ilipovunjika.
"Bado zipo?" mama akauliza kutoka jikoni.
"Zipo. Kumi na moja."
"Wajerumani?"
"Walewale. Ila siku hizi zinalipa."
Maji yakachemka. Mama akayaacha yachemke.
"Zinalipa kila moja?"
"Kila moja."
"Basi hesabu tena," mama akasema,
"na safari hii usikosee."