Kidole cha Bakar Tumu

Umeme wa Wete ukikatika kisha ukarudi,
kengele ya skuli haikumbuki kuamka.
Taa nyekundu yawaka, volti tano zimo,
na saa ya ndani kimya, kama mwari anayeulizwa idhini.

Hapo huitwa Bakar Tumu, mlinzi.
Hufungua kisanduku, hulaza kidole juu ya miguu miwili ya chipu,
na mapigo yanaanza.
"Kina baraka," husema, akikipuliza.

Wiki aliyokwenda Unguja kutibiwa macho
darasa la sita walikwama kwenye hesabu hadi adhana ya adhuhuri.
Mwalimu mkuu, Bi Mize Shaame, akaniletea kisanduku ndani ya kanga:
"Fundi, siwezi kuajiri kidole."

Nikakitia mezani. Geti moja tu, la kukana:
uliambie ndiyo, likujibu hapana.
Kando yake fuwele, na kapasita mbili kama punje za mtama.
Baina ya kuingia na kutoka, pengo.
Aliyeiunda alibana senti.
Basi geti likiamka huegemea upande, hushikilia hapana yake
kwa ukaidi wa punda wa Bopwe,
na fuwele isiyosukumwa haitikisiki.

Dawa yake si nguvu.
Ni kulirudisha katikati, pale lisipojua liseme nini,
ambapo hata mchakacho wa joto, mdogo kuliko pumzi ya sisimizi,
hupinduka, hurudi, hukua, hupinduka tena,
mpaka fuwele isikie jina lake humo
ikaitika.

Kahawia, nyeusi, kijani: rezista ya mega moja.
Nikalehemu. Nikazima, nikawasha,
nikichora vijiti kwenye boksi la sabuni.
Nikaipa umeme unaopanda polepole kama homa.
Nikailaza kwenye friji ya Saada muuza barafu, nikarudia.
Vijiti mia. Hakuna uliokosa.

Bakar alirudi na miwani mpya, akaja, akasimama mlangoni.
Nikamshikisha ncha za mita, moja kwa gumba, moja kwa kidole kile.
Sindano ikapanda kidogo, ikatua karibu na mega moja.
"Unaona? Ni ngozi yako. Rezista ulikuwa wewe."

Akakitazama kidole kwa miwani yake, muda mrefu.
"Na sasa?"

Nikamwambia kisanduku kinaingia vumbi,
kinataka mtu wa kukifuta.