Anayenishikia Demani

Tulipokuwa wawili kazi ilikuwa neno moja.
Vuai akisema "tweka", mimi nishatweka.
Yeye henza, mimi demani,
usukani tukipokezana kama kikombe cha kahawa.

Sasa Vuai yuko Maskati, anaendesha kreni bandarini,
nami nimebaki na mitumbwi miwili ya fiba
iliyoungwa kwa wavu katikati,
na lile tanga la puto, jepesi kuliko kanga kuukuu,
rangi ya chungwa, kiraka cha mwavuli mweusi
pale lilipoonja mwamba wa Misali.

Peke yangu nimejifunza hivi:
kana ya usukani naikalia.
Ndiyo, naikalia, kama mtu anayeficha barua.
Henza mikono miwili. Demani naiuma kwa meno,
chumvi na nailoni.
Puto linatoka mfukoni likinong'ona,
halafu pwaa! limeshiba,
na Fundo inakuja mbio bila kuitwa.

Kulipandisha ni kiburi tu, kila mtu anacho.
Kulishusha ndiko kwenye kazi.
Siku ya kwanza nililegeza henza, demani nimeisahau;
likaanguka mbele, chombo kikalipanda,
nikawa nakokota bahari nzima kwa kitambaa
na sikupata hata dagaa.
Vijana wa Fundo walicheka mpaka wakakaa chini:
"Kazija kaivisha bahari shela!"

Leo maji yanapoanza kuwa meupe singoji.
Naachia omo iende na upepo,
puto linajificha nyuma ya tanga kubwa,
linakosa pumzi, linasinyaa,
nalikumbatia kwa mikono, kwa magoti, kwa kidevu,
nalishindilia mfukoni
likiwa bado linahema.

Husemwa tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Chombo changu hakina ngama.
Kina wavu, na chini ya wavu maji
yanapita yakinitazama.
Basi narejea hapo hapo katikati,
magoti yamechubuka,
kimya kimenizidi kimo.

Jana usiku Vuai alipiga, uso wake umejaa kwenye simu,
nyuma yake makontena yamepangwa kama kabati la nguo.
Akauliza, "Siku hizi nani anakushikia demani?"

Nikacheka.
Meno yote yakaonekana.
Sijui kama alielewa.