Risiti ya Rehani

Sabato aliweka rehani hereni za marehemu mama,
pesa ikaliwa na karata, mtaa wa Sanità, Napoli.
Dada yake hakugomba.
Jumatano aliishusha cherehani ngazi sitini na mbili,
akarudi mikono mitupu,
hereni zimefungwa pembeni mwa leso.

Leo Ijumaa Kuu. Padri anasema: tumekombolewa.
Neno hilo Sabato amelizoea kama kengele.
Ila asubuhi aliona, chini ya dirisha,
alama nne za miguu ya cherehani,
zimechimba sakafu miaka ishirini,
na Nunziata kakaa papo hapo, anashona kwa mkono.

Hakumdai. Hilo ndilo lililomvunja.

Msalaba ukipitishwa, wenzake wanabusu mti.
Yeye anahesabu misumari. Mitatu.
Anahesabu tena.
Minne.