Hainagi

Baridi ikifika thelathini chini ya sifuri
gari la Uyanga huamka na kusema neno la Kijapani.
Humu ndani hakuna ajuaye maana yake.
Mume wangu hulijibu: "Na wewe pia."

Mambo hayakuanza hivi.
Tserenpil alikuwa mtu wa lori la Kirusi,
miaka ishirini na sita ya makaa kwenye karai,
karai chini ya injini, saa kumi alfajiri,
yeye chali juu ya theluji akikibembeleza chuma
kwa maneno ambayo mimi hajawahi kunibembeleza nayo.
Lori likikubali, liliunguruma
hadi mbwa wa mtaa mzima wakatoa ushahidi.
Hilo, alisema, ndilo gari.

Basi binti yetu alipoingiza uani
kigari cha rangi ya maziwa yaliyochacha,
mtumba, usukani upande usio wake,
mzee alikizunguka mara moja, akapiga gurudumu teke.
"Mseto? Mseto ni chakula.
Chenye mioyo miwili hakikupendi kwa wowote."

Sikumjibu. Nilikuwa namenya viazi,
ila mikono ilikumbuka kukamua:
kule Arhangai, kabla ya mji, kabla ya moshi,
mama yangu alikuwa na hainagi,
mtoto wa yaki kwa ng'ombe,
apandaye mlima kama baba yake
na kujaza ndoo kumshinda mama yake.
Majirani walizicheka pembe zake.
Malai yake hawakuicheka.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Kila tugrugi ya petroli imepita chini ya kalamu yangu.
Mwezi wa kwanza nilidhani Uyanga ananificha risiti.
Mwezi wa pili nilijumlisha mara tatu.
Kumbe ile foleni ya darajani,
saa nzima ya kusogea hatua moja, kusimama, hatua moja,
injini imelala, umeme peke yake unasukuma,
na pesa imejikunja mfukoni kama paka kando ya jiko.
Kisha ule mteremko wa kutoka kwetu:
akikanyaga breki, betri inashiba.
Nina miaka sitini na nne.
Sikujua kuna mahali duniani
mteremko hulipa deni la mlima.

Sisemi ni malaika.
Januari taa nyekundu iliwaka,
fundi Erdenbileg akang'oa kiti cha nyuma,
akatoa chembe moja ya betri kama jino bovu,
akapachika nyingine,
akatoza kama daktari wa meno.
Niliiandika hiyo pia. Daftari halina upendeleo.
Na moshi upo palepale: jiko letu linakula makaa,
mlima mzima wa majirani unakula makaa,
gari moja haliwezi kuosha anga.
Ila likisubiri mlangoni, halitoi pumzi,
na mjukuu akikohoa, hakohoi kwa ajili yetu.

Masalio ya petroli yamenunua miwani.
Sasa naona kuwa miaka yote hiyo
saba zangu zilikuwa moja.

Jana usiku niliamka, upande wake wa kitanda umepoa.
Nilimkuta uani, ndani ya gari, amevaa kofia,
uso umepakwa kijani na vijitaa.
"Nimeliwasha," alininong'oneza. "Au sijaliwasha. Hebu sikia."
Nikaingia, nikafunga mlango.
Theluji ilikuwa inatua juu ya paa. Ina sauti, theluji.
Na chini ya sauti hiyo, mume wangu akipumua,
jambo ambalo lori lilininyima robo karne.

Tukakaa.
Hatimaye injini ikaja yenyewe,
taratibu, kama mgeni anayekohoa kabla ya kubisha hodi.
Tserenpil hakusema kitu.
Alinyoosha mkono gizani, akaipapasa dashibodi
pale ambapo pembe zingekuwa.