Kidirisha cha Pembeni

Mimi ndiye yule wa kidirisha cha pembeni,
Skaistė, wa fulana nyeusi,
anayepunga mikono chini ya televisheni ya Kaunas
huku mheshimiwa amejaza kioo kizima.

Jana usiku alihutubia kuhusu daraja.
Limefungwa tangu Novemba. Nyufa tatu,
kila mmoja upana wa kidole changu cha shahada.

Akaanza: "Wao hawataki tuvuke."
Katika lugha ya mikono, neno hilo halielei.
Lazima niwaketishe mahali, kulia au kushoto,
kisha niwanyooshee kidole kila wanaporudi.
Nikangoja awataje. Hakuwataja.
Mkono ukabaki hewani kama wa mtu
aliyesimamisha teksi ikampita.

"Ama mimi, ama mto."
Hiyo rahisi: kiganja hiki, kiganja hiki.
Ila vikishatengana hivyo, anayetazama anaona
kwamba katikati, hapa kifuani pangu, pana nafasi tele:
ya kivuko, ya fundi, ya mkaguzi,
ya kusubiri hadi Aprili.

Akamgeukia mhandisi Gintautas Ruškys,
aliyeandika kurasa arobaini juu ya kutu.
"Aliyeshindwa kuunganisha ndoa yake
atatufundisha nini kuhusu kuunganisha kingo mbili?"
Ukumbi ukacheka. Nikafasiri na kicheko.
Ndoa: pete kidoleni.
Kutu: vidole vinavyotafuna kiganja.
Nilitafuta kinachoviunga viwili hivyo, sikukiona,
na mimi siruhusiwi kuongeza,
siruhusiwi kupunguza.

"Tangu niapishwe, hakuna aliyezama!"
Kweli. Mto umeganda tangu wiki aliyoapishwa.

"Wanaodai uchunguzi wanataka watoto wenu
waogelee kwenda shule."
Nikawaogelesha, wadogo wadogo, hewani studioni,
nikijua hakuna aliyewatupa majini
ila yeye, dakika hiyo hiyo,
apate wa kuokoa.

Kisha akamtaja babu yake, mjenzi,
na sauti ikatetemeka, ikashuka, ikanyamaza.
Mtetemo ule haupiti mikononi.
Uliishia kwenye heleni zangu.
Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema;
kwa viziwi
debe tupu ni debe tupu.

Saa nne usiku, ujumbe kwenye simu.
Mzee Vaidotas, seremala mstaafu,
hajasikia kitu tangu homa ya utotoni:
"Binti, mkono wako wa kulia haukuchoka?
Saa nzima unaonyesha mahali pasipo na mtu."

Nikamjibu: ndivyo alivyosema.

"Na nyufa? Nilikodoa macho. Nimepitiwa?"

Hukupitiwa, mzee.
Vidole vyangu vitatu vilikuwa tayari,
vimekunjwa, usiku kucha.
Nimerudi navyo nyumbani mfukoni
vikiwa bado na joto.